Mstari Usio na Kitone

Mkuu wa kituo ameniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili ninyi vijana mnaobaki mzisome. Nilimuuliza kwanza kama Minza naye ameombwa. Akasema ndiyo, ila amejibu kwamba hana nafasi, kazi zimemzidi. Basi nikakubali hapo hapo. Angalau safari hii nitasikika mimi kwanza.

Nina miezi mitatu tangu nistaafu, na ninaishi hapa hapa Ibadakuli, nyumba ya nne kutoka kituoni. Mkidhani mmeniondoa, poleni. Kila asubuhi nikienda kununua maziwa napita mbele ya chumba kipya cha kompyuta, ambacho mlango wake bado hauna jina. Baadhi yenu mnataka kiitwe Chumba cha Minza. Wengine mnasema hapana, kiitwe Chumba cha Luhende na Minza, kwa kuwa modeli ya upepo wa Jua tuliijenga sote wawili. Mkuu amesema atafuata neno langu, maana mzee aliyetufundisha ameshatangulia mbele ya haki, na Minza akiulizwa anasema tu, "Mwulizeni Baba Neema." Baba Neema ndiye mimi, Luhende. Neno langu liko mwishoni mwa karatasi hizi. Msilirukie, hamtaelewa kwa nini limenichukua wiki tatu kulitamka.

Sikuanza kazi nikiwa mtu wa Jua. Nilianza nikiwa kijana wa suruali inayoanguka. Siku yangu ya kwanza ilikuwa porini, upande wa Bulyanhulu, enzi ambazo ukitembea bila kuangalia chini unatumbukia kwenye shimo la mchimbaji mdogo. Tulikuwa tunapima sumaku ya miamba, kwa sababu mwamba wenye dhahabu mara nyingi una majirani wenye chuma, na chuma humtikisa mpimaji. Chombo chenyewe, kipima-sumaku, kilikuwa juu ya mti mrefu kama fimbo ya mchungaji. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Nestori, mtu wa Ushirombo, Mkatoliki wa kufunga na kusali, ambaye hakuwahi kuwasha chombo bila kufanya ishara ya msalaba.

"Vua mkanda," akaniambia, hata salamu hajamaliza kuipokea.

"Mzee?"

"Mkanda una bizimu la chuma. Funguo toa. Saa toa. Kisu nacho, naona kinakuning'inia hapo. Usipovua, chombo kitakusoma wewe badala ya mwamba, na wewe huna dhahabu."

Nikatembea kutwa nzima mkono mmoja umeshika mti wa kipima-sumaku, mkono wa pili umeshika suruali. Akina mama waliokuwa wanakwenda gulioni walisimama njiani kunitazama. Mmoja akauliza, "Kijana, umenyang'anywa mkanda?" Wenzake wakacheka mpaka vikapu vikawatoka kichwani. Nikiwaona ninyi leo mnalalamika mtandao uko chini, naikumbuka suruali ile.

Wiki ya tatu chombo kilichanganyikiwa. Namba zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, na hakuna aliyekuwa na chuma. Nilijipekua mifukoni. Nilikagua mpaka soli za viatu. Mzee Nestori akakaa juu ya jiwe, akafungua chupa yake ya uji, akanywa taratibu.

"Hiyo haitoki hapa," akasema. "Inatoka kule." Akanyoosha kidole kwenye Jua.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba Jua halitoi mwanga tu, linatoa na upepo. Huko juu kwenye taji la Jua joto ni kali mno, digrii milioni na zaidi, na hewa haibaki hewa tena. Chembe zake zinaachana: elektroni upande wake, protoni upande wake, kila moja na umeme wake. Mchanganyiko huo ndio plazma. Plazma hiyo inavuja kutoka Juani mchana na usiku, inavuka anga lote mpaka hapa, na ikija kwa fujo inaitikisa sumaku ya dunia. Kumbe ilikuwa imekitikisa na chombo chetu, pale karibu na Bulyanhulu, ikatuharibia siku ya kazi.

"Sasa jambo linaloninyima raha ni hili," akasema. "Upepo huo ukianza kutoka Juani unatambaa. Ukifika huku, unakwenda kilomita mia nne kwa sekunde moja. Mwingine mia saba na zaidi. Nani anausukuma njiani?"

Hilo ndilo swali lililokula maisha yangu. Mkiniuliza nilifanya kazi gani, jibu ni hilo: nilitafuta nani anausukuma. Vyeo na mishahara siandiki, vilikuja vikaenda. Mzee alipoanzisha kituo hiki karibu na uwanja wa ndege, kiwasaidie wapimaji wa Geita na Kahama kujua siku zipi wasijisumbue kwenda porini, alinichukua. Akanipeleka nikasome, nikarudi, nikakaa naye miaka minne peke yangu. Ile ndiyo miaka niliyokuwa na raha. Hakuwepo Minza.

Mambo mawili ya Mzee Nestori lazima niwaeleze, kwa sababu yote yaliyofuata yamesimama juu yake.

La kwanza ni kivuko. Upepo wa Jua, ukiwa chini, unakwenda polepole kuliko sauti ingekwenda ndani ya plazma ile. Mahali fulani njiani unaipita kasi ya sauti. Mahali hapo Mzee alipaita kivuko, na sisi tukapaita hivyo mpaka leo. Modeli nzuri lazima upepo wake uvuke pale sawasawa. Ukikosea kidogo unakwama na kurudi chini, na wewe umepoteza wiki.

La pili ni vitone. Alikuwa na sheria moja isiyokuwa na msamaha: hesabu yako haifiki mezani kwake mpaka mwenzako aipitie mstari kwa mstari, na penseli mkononi. Kila mstari uliousoma ukaona uko sawa, unatia kitone pembeni. Mstari una walakini, unauacha bila kitone. Huandiki maneno, huchori mduara. Mwenye kazi akirudishiwa kurasa zake, anatafuta mstari usio na kitone, kisha anakuja kukuuliza. "Kitone ni kiapo," alikuwa akisema. "Na palipo wazi pana maana yake: njoo tuongee." Nilipomuuliza kwa nini mtu asiandike tu kosa ni lipi, alisema mtu akionyeshwa kosa hukasirika, ila akilitafuta mwenyewe hushukuru.

Minza alikuja Jumatatu, na gunia la mchele wa Kagongwa kwa ajili ya ofisi nzima. Binti mwembamba, sauti ya chini, ana miaka minne pungufu ya yangu. Akatusalimia, "Shikamoo mzee, shikamoo kaka," akakaa, na kabla chai haijachemka akamuuliza Mzee Nestori, "Hivi joto likiongezwa kabla ya kivuko na likiongezwa baada ya kivuko, ni kitu kimoja?"

Mzee akaweka kikombe chini. Akamtazama kama mtu aliyeona mvua ya kwanza.

Nawaambieni kweli, roho iliniuma. Miaka minne nilikuwa pale na Mzee hajawahi kuniwekea kikombe chini. Nilikunywa chai yangu ya moto hivyo hivyo ikaniunguza ulimi, nikajisemea, huyu binti ni wa kupita tu. Thubutu! Mpaka leo yupo.

Tangu siku hiyo nilihesabu kila kitu. Mzee alimuita Minza "mwanangu", mimi aliniita "Luhende". Mzee akicheka, alikuwa amecheka jambo la Minza. Hata mke wangu, nilipomlalamikia, akaniambia, "Baba Neema, hicho ni kijicho." Nikamwambia si kijicho, ni uchambuzi. Akaendelea kuanika michembe yake ya viazi.

Mwaka wa pili tukatofautiana hasa. Mimi niliamini msukumo wote ni joto, na joto liko chini, pale pale kwenye taji la Jua. Minza alisema joto peke yake halitoshi. Tukabishana mpaka karani akahamisha meza yake. Mzee akatusikiliza siku tatu, ya nne akasema, "Luhende, baba yako ni Mgalu?"

"Ni Mgalu."

"Na wako, Minza?"

"Mgika, mzee. Damu kabisa."

"Basi imekwisha. Tutacheza ngoma."

Kwa ambaye hakukulia huku: Wagika na Wagalu ni makundi mawili ya ngoma za Kisukuma, na uhasama wao wa uwanjani ni wa tangu mababu. Wakishindana baada ya mavuno, hakuna jaji. Makundi yote mawili yanapiga ngoma saa ile ile, uwanja huu na uwanja ule, na watu huhama kumfuata anayewavutia. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kila kundi lina fundi wake na dawa zake za kuvuta watu, na aliyeshindwa hasemi ameshindwa kucheza, anasema amerogwa.

Mzee akatupa miezi minane. Kila mmoja ajenge modeli yake. Siku ya mwisho tutatundika mabango mawili, mimi huku na Minza kule, tutaalika wapimaji, walimu, wanafunzi, yeyote anayetaka, kisha tuone watu watasimama wapi. Ila akasisitiza jambo moja. Vitone palepale. Kituoni tulikuwa wawili tu wa kukaguana, kwa hiyo Mgika atamkagua Mgalu, na Mgalu atamkagua Mgika.

Mwezi wa pili tukabadilishana kurasa. Yeye akachukua zangu, kumi na mbili. Mimi nikachukua zake, kumi na nne. Nikakaa dirishani, nikachonga penseli, nikaanza. Kazi yake ilikuwa safi mpaka inaudhi. Kitone, kitone, kitone. Ukurasa wa tatu, mstari wa tisa, nikasimama.

Alikuwa ameandika msukumo wa plazma, na ameziweka protoni peke yake. Elektroni hazimo.

Niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Elektroni ni nyepesi sana. Ukipima uzito wa plazma unaweza kuzisahau na hakuna atakayekudai. Lakini kusukuma si uzito. Katika joto lile kila elektroni inasukuma sawa na kila protoni. Ukiziacha nje, umetupa nusu ya nguvu yote. Ni kama kuhesabu watu wa ngoma ukasahau wapiga makofi. Minza, mwenye maswali yake ya kumwekesha mzee wetu kikombe chini, alikuwa amefanya kosa la mwaka wa kwanza.

Loo! Nilifurahi. Siwezi kuwaficha, nilifurahi kwa mwili mzima. Nikajua modeli yake haitapaa. Upepo wake utakuwa mnyonge, utakwama chini ya kivuko, naye atahangaika asijue kwa nini. Nilichotakiwa kufanya ni kidogo sana. Hata kumwambia sikutakiwa. Nilitakiwa kuuacha mstari ule bila kitone, basi, niende mstari wa kumi.

Nikatia kitone. Nilibonyeza kwa nguvu mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

Jioni nikamrudishia. "Iko sawa?" akauliza. "Iko sawa," nikasema. Naye akanipa zangu, akanitazama kidogo, akasema, "Zipitie vizuri, kaka." Nikazitupia kabatini. Nizipitie za nini? Nilikuwa naijua kazi yangu.

Miezi iliyofuata nilimtazama akihangaika kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani wakila shamba la jirani mwingine. Nilikuwa namuona amekonda. Siku moja alikuja mezani kwangu, "Baba Neema, upepo wangu haupandi. Nimeongeza joto mpaka naona aibu. Hebu niambie, una wazo?" Macho yamemwiva kwa kutosinzia. Nikamwambia avumilie, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaniambia, "Wabeja," akaondoka. Yaani alinishukuru.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyocheka. Kwa kuwa nusu ya nguvu ilikuwa imemkosa, Minza alilazimika kuitafuta kwingine. Angekuwa nayo angeridhika kama mimi, akakaa na joto lake. Yeye akageukia sumaku. Akawaza hivi: kutoka Juani kunatoka nyuzi za sumaku zimenyooka kwenda mbali, na chini kwenye uso wa Jua kunachemka, kwa hiyo miguu ya nyuzi zile inatikiswa saa zote. Ukishika kamba ya ng'ombe ukaitikisa mwisho mmoja, wimbi linakwenda mpaka shingoni mwa ng'ombe, na ng'ombe anageuka. Mawimbi ya sumaku vile vile: yanapanda na upepo, yanapita kivuko, na huko juu ndiko yanakoachia nguvu yake.

Huko juu! Ndilo swali lake la siku ya kwanza. Ukiongeza nguvu chini ya kivuko, unapata upepo mwingi, lakini mwendo ni ule ule. Ni kama mlango wa soko: ukisukuma watu kutoka ndani watatoka wengi, ila barabarani watatembea vile vile. Ukiongeza nguvu juu ya kivuko, wingi umeshapangwa, hauongezeki, basi nguvu yote inakuwa kasi. Mimi na moto wangu wote wa chini nilikuwa napata upepo mnene kama uji, na kasi yake haikuwahi kuvuka mia tatu na hamsini. Nilijiambia setilaiti zinazoupima huko juu ndizo zinazokosea.

Siku ya ngoma ilifika. Mabango mawili, chini ya jua kali la kiangazi, kwenye uwazi ule mnapopaki pikipiki. Walikuja wapimaji wa Geita na viatu vyao vya vumbi jekundu, walimu, wanafunzi, wakulima wa jirani waliosikia kuna mashindano na wakadhani kuna ng'ombe atachinjwa. Tukaanza pamoja. Nina sauti kubwa, mnanijua. Nusu saa ya kwanza umati ulikuwa kwangu, na nilimuona Minza kule na watu saba, anaeleza kwa sauti yake ya chini, anatikisa kamba aliyoifunga kwenye nguzo. Kisha mpimaji mmoja akaniuliza, "Mzee, na ule upepo wa mia saba unautoaje?" Nikaanza kueleza matatizo ya setilaiti. Akasikiliza kwa heshima, akaniaga, akaenda kule kwenye kamba. Mwenzake akamfuata. Halafu wanafunzi. Mwishoni kwangu alibaki bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha bango langu, akaniomba radhi kwamba miguu inamuuma.

Minza alipomaliza, upepo wake ukiwa mia saba na hamsini, akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya hata kwa mtutu. Akasema mbele ya wote, "Jamani, niwe mkweli. Miezi hii yote nilikuwa na kosa. Nilizisahau elektroni. Nimeligundua wiki iliyopita tu. Nilipozirudisha, mawimbi ninayohitaji yakapungua, yakalingana na yale yanayoonekana Juani kwa darubini. Kumbe mwanzo nilikuwa nadai mno."

Mzee Nestori akauliza, taratibu, "Nani alikagua?"

Kabla sijafungua mdomo, Minza akajibu. "Baba Neema alinikagulia, mzee. Lakini kosa ni langu."

Mzee akasogea karibu naye. Akachukua kurasa zile kutoka mkononi mwake, akainua wa tatu kuelekea juani, akautazama muda. Akamrudishia.

Mwaka uliofuata alistaafu. Kikokotoo chake, kile alichokifunga kwa mpira na kukipenda kuliko mbuzi wake, akamwachia Minza. Mimi akaniachia boksi la penseli. Penseli! Nilikasirika nusura nizitupe chooni. Miaka yote hii nimesimulia kwamba mzee alinidharau.

Na miaka yote hii, ninyi ni mashahidi, kila mgeni aliposifia modeli ya Minza nilisogea nikasema, "Mimi ndiye niliyeikagua, kila mstari." Nilisema hivyo kwa wageni, kwa wanafunzi, kwenye harusi. Ndipo mlipopata wazo la majina mawili mlangoni. Mlilipata kwangu.

Sasa tufike kwenye sherehe yenu ya kuniaga. Mlimpa Minza nafasi ya kuzungumza kabla yangu, na hilo nimelisamehe kwa shingo upande. Alisema maneno mazuri, akanipa bahasha. Niliifungua kesho yake asubuhi, nikidhani ni kadi. Ndani kulikuwa na kurasa kumi na nne zilizogeuka njano, na kikaratasi kimeandikwa kwa mkono wake: "Shikamoo kaka. Tazama na zako."

Nikafunua ukurasa wa tatu. Mstari wa tisa, pembeni, hapakuwa na kitone. Palikuwa na tundu. Penseli yangu siku ile ilikuwa imetoboa karatasi. Nikaelewa Mzee aliona nini alipoinua ukurasa ule juani, na kwa nini mimi aliniachia penseli.

Kurasa zangu bado ziko kabatini, chini ya vyeti. Nikazitoa. Nikapita mstari kwa mstari na miwani, kitone, kitone, kitone, vitone vyake vidogo kama mbegu za mchicha. Ukurasa wa tano, mstari wa pili, ule unaosema joto litiwe wapi, hapakuwa na kitu. Peupe. Aliuacha wazi. Aliniambia, kwa sheria ya Mzee wetu, tangu mwezi wa pili: njoo tuongee. Angenionyesha kivuko na moto wangu uliokaa chini yake. Nami sikuwahi kuzifungua.

Nikavaa shati nikaenda kwa Minza. Alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mwangaluka, Mama Kulwa."

"Mwangaluka, Baba Neema. Umeziona?"

"Nimeziona." Nikakaa kwenye ndoo. "Ulijua lini?"

"Wiki ile nilipolipata kosa. Nilirudi kuangalia kitone chako, nikaona mwanga unapita."

"Na pale uwanjani ukasema kosa ni lako."

"Si nililiandika mimi? Wewe uliniandikia?" Akapuliza makapi. "Nilikasirika, usidhani. Nililia hapo hapo ofisini. Halafu nikasema, huyu siku moja atafungua kurasa zake, ataona pengo, atakuja kuniuliza. Nikasubiri."

"Miaka yote hii?"

"Kaka, nani alijua utachelewa hivyo?"

Nikamwambia nilimwonea wivu. Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, huku nimekaa kwenye ndoo. Akasema anajua, kila mtu anajua, hata karani aliyehama meza. Kisha akasema naye aliwahi kunionea wivu, kwa sauti yangu kubwa, na kwa ile miaka minne niliyokuwa na Mzee peke yangu. Nikamwambia asinifariji. Akacheka, akanifungia mchele kilo mbili nimpelekee mama Neema.

Njiani nilijichunguza kama ule wivu umetoka. Haujatoka. Hata kuungama nimeungama wa pili, maana bahasha ilikuwa yake. Nilifika nyumbani nikala wali wake, na mbaya zaidi ulikuwa mtamu.

Basi neno langu ni hili. Mlangoni andikeni Minza peke yake. Mimi sikuikagua ile modeli. Mtu aliyetia kitone asichokiamini hajakagua kitu. Boksi la penseli nimelirudisha kituoni, limebaki na saba, ziko kwenye droo ya kwanza. Zitumieni kukaguana, na mkirudishiwa kurasa zenu, zifungueni siku hiyo hiyo. Ila fundi wa rangi mwambieni herufi zisiwe kubwa sana. Napita pale kila asubuhi, na sitaki kijicho changu kiyagandishe maziwa mkononi.